Rinda la Krismasi na Mtoto wa Kilo Moja na Nusu

Juzi nilipokea kifurushi. Nilikuwa nimeagiza blauzi kwa simu, ya tatu mwezi huo, na nilipopasua nailoni yake ile harufu ikanipiga puani: harufu ya nguo mpya ambayo haijawahi kuguswa na sabuni. Nikaketi kitandani na blauzi mapajani. Badala ya kuijaribu nikajikuta niko Matinyani, nina miaka minane, miguu yangu imejaa udongo mwekundu, na Krismasi inakuja.

Ninyi wa rika langu mnajua Krismasi ilikuwa nini. Watoto wangu huvaa nguo mpya Jumanne ya kawaida, wakaenda nazo dukani kununua maziwa. Sisi tulivaa nguo mpya siku moja kwa mwaka, na siku hiyo ilikuwa na chapati ndani yake. Kuanzia mvua za Novemba zilipoanza kunyesha, kunde zikachanua na kumbikumbi wakatoka ardhini, hatukuwa na mazungumzo mengine. Utavaa nini? Ya kwako ina mikono mirefu au mifupi? Imeshanunuliwa au bado?

Yangu ilikuwa bado, lakini niliijua. Niliiona Kitui mjini, imening'inizwa mlangoni mwa duka, rinda la manjano lenye mikunjo mitatu chini na neti ndani ya kulifanya lifure. Nilisimama chini yake nikatazama juu kama mtu anayetazama ndege ya angani, hadi mama akanivuta mkono. Lakini Jumamosi ya kwanza ya Desemba, asubuhi na mapema, aliniita uani akiwa na kamba ya katani.

"Simama wima, Mumbua. Ukijikunja utaletewa rinda la mtoto wa nasari."

Akanipima. Akafunga fundo moja begani, moja kiunoni, moja chini ya goti. Akalifungua lile la goti, akalishusha kidogo. "Hapa. Likufae na mwaka ujao."

Sijui kama nitawahi tena kuwa na furaha ya namna ile. Nilikimbia kuzunguka nyumba mara tatu. Nilimkumbatia mbuzi. Nilikimbia hadi kwao Kavata, jirani yetu ambaye tulikaa naye dawati moja shuleni, nikampigia kelele kutoka nje ya boma kwamba na mimi langu linakuja leo. Kavata alikuwa amekwisha kupata vyake: viatu alivyotumiwa na shangazi yake wa Nairobi, vilivyowaka taa nyekundu kisiginoni kila alipokanyaga. Alikuwa amepewa ruhusa ya kuvijaribu ndani ya nyumba tu. Basi alitufungia mlango na madirisha, gizani, akatembea huku na huku, na sisi watoto wenzake tukakaa sakafuni tukishangilia taa.

Mama alipanda pikapu ya Mwalimu Kilonzo kwenda mjini, yeye na Mama Kavata. Alipanda taratibu, ameshika kiuno. Tumbo lake lilikuwa limekua miezi hiyo, nami nilikuwa nimeambiwa ni maharagwe mabichi, kwamba mama anayapenda kupita kiasi. Sikuuliza zaidi, kwa sababu mtoto wa kuuliza maswali kama hayo alikuwa anatafuta fimbo. Nami nakiri jambo moja. Pikapu ilipoondoka na mama akatoa mkono dirishani kunipungia, macho yangu hayakuwa kwake. Yalikuwa kwa ile kamba aliyoizungusha kwenye vidole.

Nilikaa juu ya jiwe kando ya barabara mchana kutwa. Jua lilipoanza kuteremka, pikapu ikarudi. Aliyeshuka ni Mama Kavata peke yake, mikono mitupu. Susu akatoka jikoni na unga mikononi. Susu ni nyanya yangu, mama yake baba, na kijiji kizima kilimwita hivyo.

"Susu, amenunua mtoto," Mama Kavata akasema.

"Lini? Si wakati wake bado!"

"Alianza kuumwa njiani. Hata sokoni hatukufika, tulipitiliza hospitali moja kwa moja. Ni kijana. Lakini ni kadogo, Susu, kilo moja na nusu. Na mama mwenyewe..." Akaniona. Akateremsha sauti. "Tuombe tu."

Nilisimama pale nikiwa nimeshika nguzo ya jiko. Sasa nifikirieni mimi. Kwetu hakuna mtoto aliyeambiwa watoto wanatoka wapi. Tuliambiwa wananunuliwa hospitalini, basi, na tuliamini kama tulivyoamini kwamba chumvi hununuliwa dukani. Kwa hiyo nilichosikia ni hiki: mama yangu, aliyetoka hapa asubuhi na kipimo changu mkononi, amepita hospitali kabla ya kufika sokoni, ameona mtoto, amemnunua. Rinda limeisha hivyo. Na zaidi ya hayo amepunjwa kwenye mizani! Kilo moja na nusu! Hata mimi nilijua ukiuziwa kitu chepesi hivyo unarudi kugombana.

Siku zilizofuata boma letu lilijaa watu. Akina mama wa kanisa walikuja na unga, na mbaazi, na vibuyu vya maziwa. Walikaa na Susu wakiimba polepole, wengine wakitokwa na machozi, nami nikadhani wanalia kwa hasara tuliyoipata. Jumatatu wanaume kumi na wawili walijazana kwenye pikapu ya Mwalimu, mchungaji wetu akiwa wa kwanza, wakaenda mjini. Waliporudi kila mmoja alikuwa na pamba imebandikwa mkononi. Nikadhani ni chanjo.

"Wamempa mama yako damu," Susu akaniambia.

Nilimtazama mchungaji akishuka, nikijiuliza damu wamempa kwa kikombe au vipi, na mama ataipeleka wapi. Sikuuliza. Susu alikuwa amekonda usoni siku hizo, na akishaupakua uji wa ukwaju alikuwa anasahau na kuendelea kukoroga sufuria tupu.

Kavata ndiye niliyemweleza shida yangu. Alinisikiliza vizuri sana, kama mtu mzima. Kisha akauliza, "Kwani hamkuitisha risiti?"

"Sijui."

"Bila risiti hawarudishi. Mama aliwahi kurudisha sufuria iliyokuwa na tundu, akaulizwa risiti kwanza. Lakini ukiomba kwa adabu, pengine."

Hapo mpango wangu ukazaliwa. Nilianza kumsumbua Susu anipeleke hospitali. Nilimsumbua asubuhi na jioni, na watu wote wakasifu jinsi ninavyompenda mama yangu. Sikusahihisha mtu.

Jumamosi ya pili Susu alikubali. Aliniosha, akanipaka mafuta hadi nikang'aa, akanivalisha sare ya shule kwa sababu nguo zangu nyingine zilikuwa na matundu. Tulikwenda na chupa ya uji wa wimbi imefungwa kwenye leso ili isipoe. Hospitali ilinuka dawa ya kuoshea sakafu na maziwa yaliyochacha. Mlangoni mwa wodi mlinzi alisema watoto hawaruhusiwi. Susu hakubishana naye. Alimtazama tu, mpaka yeye mwenyewe akageuka kutazama upande mwingine.

Wodi ilikuwa na vitanda pande mbili. Nilitangulia mbele, nikitafuta mama yangu. Mama yangu alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa, ambaye angeita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde na mbuzi wakaja. Nikapita kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikafika mwisho wa wodi, ukutani. Hayupo. Ndipo nikasikia mtu ananiita nyuma yangu kwa sauti kama ya karatasi.

"Mumbua. Umenipita."

Nilikuwa nimempita. Alikuwa kitanda cha tatu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, mifupa ya mashavu imetokeza, midomo imepasuka, na mkononi kulikuwa na sindano iliyobandikwa plasta. Nilisimama mbali kidogo. Niliona aibu, kama nilivyoona aibu mbele ya wageni.

"Njoo umwone ndugu yako," akasema, akafunua leso kifuani.

Alikuwa amemfunga katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, na kofia ya sufu kichwani iliyomfika machoni. Nilimkagua vizuri. Sikio moja lilikuwa limekunjika. Ngozi ilikuwa na makunyanzi kama ya mzee. Hakuwa na nyusi. Kwa kweli sikuona alichokiona mama kumnunua huyu na kuacha rinda la manjano lenye neti. Muuguzi akapita akiwa na karatasi zake, nami nikaona wakati ni huu. Nikamfuata, nikaweka mikono nyuma kama tulivyofundishwa shuleni.

"Sista, shikamoo. Tunaomba kumrudisha yule mtoto. Hatuna risiti, lakini tulimnunua hapa."

Sista alicheka, kicheko cha ghafla, wanawake wa vitanda viwili wakageuka. Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. Akainama hadi macho yetu yakalingana.

"Nani alikuambia tunauza watoto?"

"Watu wote."

"Wamekudanganya. Huyu alikuwa ndani ya tumbo la mama yako. Alitaka kutoka kabla ya wakati, na alipotoka, damu ya mama ikatoka naye, nyingi sana. Siku tatu sisi hapa tulikuwa tunamshikilia mama yako asiende."

"Aende wapi?"

Nilimgeukia Susu. Susu alikuwa ametazama dirishani, akifungua na kufunga kifuniko cha chupa ya uji. Ndipo vitu vyote vikaanza kuja vyenyewe kichwani, kimoja kimoja: unga wa akina mama, nyimbo za polepole, mchungaji na pamba yake, Susu akikoroga sufuria tupu. Na mkono wa mama ukinipungia dirishani mwa pikapu, nami natazama kamba.

Nilirudi kitandani. Sikumbuki kama nilikimbia. Mama alikuwa amesikia kila kitu, na alikuwa anajaribu kucheka lakini nguvu hazikutosha.

"Rinda sikulifikia, mwanangu," akasema. "Nisamehe. Lakini kamba ninayo. Baba yako alinikuta bado nimeishika, wauguzi walishindwa kuitoa mkononi." Baba alikuwa fundi wa mawe huko Kambu, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Alikuwa ameacha ukuta nusu siku ile alipopata habari, na tangu hapo alikuwa hajaondoka pale hospitali.

"Sitaki rinda!" Nilisema kwa hasira, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa ananilazimisha kulivaa. "Mimi sitaki! Nataka uje nyumbani."

"Nitakuja."

"Lini?"

"Huyu akifika kilo mbili wanatuachilia. Njoo umshike kidogo umsaidie."

Aliuchukua mkono wangu akauweka mgongoni mwa mtoto, chini ya leso. Alikuwa wa moto. Na moyo wake! Ulikuwa unakimbia kama wa kifaranga ukimfumbata kiganjani, tiki tiki tiki, haupumziki. Nilisimama hapo mpaka mkono ukafa ganzi. Nilikataa kuutoa.

Kutoka siku hiyo sikutulia. Nilikuwa na kazi. Nilichota maji mchangani mtoni na punda safari mbili kila asubuhi. Susu na mimi tuliisiriba nyumba upya kwa udongo na samadi, nikachora maua ukutani kwa majivu, maua mabaya sana, Susu akayasifu. Tulimtenga kuku mmoja mwekundu, tukamlisha mtama peke yake, nami nikawa namweleza kila siku ni kwa ajili ya supu ya nani. Kila Mwalimu aliporudi kutoka mjini niliikimbilia pikapu kabla haijasimama.

"Amefika kilo ngapi?"

"Moja na robo tatu!"

Nikapita nyumba kwa nyumba nikitangaza. Moja na robo tatu! Watu walikuwa wanashangilia kama matokeo ya mpira. Kavata alinisaidia kuchota maji, akauliza kama walikubali kumrudisha.

"Hawauzi. Alitoka tumboni mwa mama."

"Muongo wewe!" akasema Kavata, na hakunisemesha hadi jioni.

Siku mbili kabla ya Krismasi Mwalimu akapiga honi tangu kule juu mlimani. Hakungoja nimuulize. "Mbili!" akapaza sauti, amenyoosha vidole viwili nje ya dirisha. "Kilo mbili kamili! Baba yako amesema watakuja Krismasi yenyewe, asubuhi!"

Mvua ikanyesha usiku kucha mkesha wa Krismasi, ile mvua ya kwetu inayokuja kama deni la miaka mitatu. Asubuhi anga lilikuwa jeupe limeoshwa, na barabara ilikuwa uji. Kanisani watu walifika wameshika viatu mkononi, wakanawa miguu mlangoni, wakaingia. Sijawahi kuona uzuri kama ule. Kwaya ilikuwa na sketi mpya nyeupe pe. Mchungaji alikuwa na suti ya kijivu ambayo mkunjo wa pasi ungeweza kukata mkate. Watoto wote wanameremeta, wananuka duka. Kavata alikuwa amebebwa mgongoni na mama yake kutoka nyumbani hadi mlangoni ili viatu visiguse tope, akatembea katikati ya kanisa taa zikiwaka. Mimi nilikuwa na sare yangu ya shule, nimekaa benchi la mwisho kando ya dirisha, na naapa hakuna aliyekuwa na furaha zaidi yangu, maana nilikuwa nasikiliza barabara.

Tulikuwa katikati ya wimbo wa pili niliposikia honi. Mbali, chini bondeni. Ikalia tena. Kisha ikalia muda mrefu bila kukatika, na injini ikanguruma, ikanguruma, haisogei.

Sikuomba ruhusa. Nilitoka mbio. Niliteremka mteremko ule nikianguka na kuinuka, na nilipofika chini niliiona pikapu ya Mwalimu imezama hadi nusu ya magurudumu pale barabara inapokata korongo. Baba alikuwa nyuma anasukuma peke yake, mwekundu kwa tope hadi shingoni. Na mbele, nyuma ya kioo, mama. Mama yangu, akiwa na furushi kifuani. Nikaegemeza mabega yangu ya miaka minane kwenye lile gari nikasukuma.

"Mumbua, toka, utaumia!" Baba akasema.

Sikutoka. Kisha nikasikia kelele, nikageuka. Kanisa lote lilikuwa linateremka. Mchungaji alikuwa mbele amekunja suruali ya suti hadi magotini, nyuma yake kwaya nzima, sketi nyeupe zimeshikwa juu kwa mkono mmoja, halafu akina mama, halafu wazee na fimbo zao. Walipofika kwenye tope walisita kidogo tu. Mchungaji akaingia. Kwaya wakaachilia sketi zao, wakaingia.

"Moja, mbili, sukuma!"

Magurudumu yakazunguka, tope likaruka kama mvua iliyogeuzwa, likatupiga usoni, likapiga suti, likapiga sketi. Watu wakapiga mayowe ya kicheko. "Tena! Moja, mbili!" Kavata alikuwa amesimama ukingoni kwenye nyasi, anatazama viatu vyake, anatutazama sisi. Mama yake alikuwa hana habari naye, alikuwa amezama hadi magotini. Ghafla nikamwona Kavata anaruka. Akatua pembeni yangu kwa miguu miwili. Taa nyekundu zikawaka ndani ya tope mara mbili, tatu, halafu zikazima kabisa, na Kavata akacheka kwa sauti kuliko watu wote akaweka mabega yake karibu na yangu.

Pikapu ikatoka. Ikapanda upande wa kanisani, sisi nyuma yake tukiimba wimbo tuliouacha katikati. Ilisimama mlangoni mwa kanisa. Baba akamshusha mama polepole, Susu akampokea mtoto, na mama alipotugeukia akashika mdomo.

"Ngai! Nguo zenu! Krismasi!"

"Zitafuliwa, Mama Mumbua," mchungaji akasema, akijifuta jicho kwa upande wa mkono uliokuwa safi. "Ingia ndani, ibada bado."

Tukaingia vile vile tulivyokuwa. Mabenchi yote yalipata rangi moja. Kila mwaka watoto wa shule ya Jumapili tulisimama mbele kusema mstari wa Biblia, na zamu yangu ilipofika nilikwenda nikiacha nyayo nyekundu nyuma yangu. Mstari nilikuwa nimeusoma mwezi mzima. Nikatazama watu. Nikatazama mama, amekaa benchi la mbele ameegemea bega la Baba, na mtoto amerudishwa kifuani mwake. Mstari wote ukanitoka kichwani.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Mama amekuja."

Mchungaji alisubiri niendelee. Sikuwa na lingine.